Kompyuta Ikikataa, Tunda Waandike Nini?

Serikali, wafadhili na makanisa siku hizi wanadai kitu kimoja kutoka hospitali za vijijini: orodha ya mali iliyo ndani ya kompyuta. Majokofu ya chanjo, pikipiki, jenereta, paneli za sola, darubini, vitanda, nyumba za wauguzi, hata kiwanja chenyewe. Programu inayopokea orodha hiyo ina kanuni za uhakiki, yaani masharti ambayo kila kinachoandikwa hupimwa nayo kabla ya kuhifadhiwa. Tarehe isiwe ya mwakani. Bei isiwe sifuri. Namba ya chesisi isijirudie. Kisanduku cha cheti cha ardhi kisiachwe kitupu. Ukivunja sharti, maandishi mekundu yanatokea na kitufe cha kuhifadhi kinagoma.

Nimewaketisha wawili wabishane juu ya kitufe hicho, na wa tatu atawakuta njiani. Fundi ni kijana anayeandika kanuni ofisini Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtunza Mali ni mama wa hospitali ya Tunda, upande wa Kibombo, aliyeanza kazi enzi za daftari la karatasi. Watu hawa nimewatunga, ila hoja zao ni za kila ofisi yenye orodha kama hiyo.

FUNDI: Yaya, sina ugomvi na Tunda. Lakini Maniema ina zoni 18 za afya, na orodha zote zinaangukia mezani kwangu. Nakuta jokofu moja limeandikwa mara tatu, kila mara kwa tahajia yake. Nakuta pikipiki iliyonunuliwa mwaka 2091. Mfadhili akiuliza tuna majokofu mangapi mazima, nimjibu nini? Ndiyo maana nimefunga mlango. Asiyeijua tarehe ya kununua, asipite mpaka aijue.

MTUNZA MALI: Na kama haijulikani kabisa, mdogo wangu? Chombo kililetwa na mradi, mradi ukaisha, wenyewe wakaondoka na makaratasi yao. Vita vya 1996, kisha vile vya 1998 hadi 2003, vimepita jimbo hili. Wenye kukimbia hubeba watoto, hawabebi risiti. Mimi nimebaki na jokofu linalofanya kazi, tarehe sina. Kompyuta yako inasema ni lazima. Basi naandika 01/01/2000, nahifadhi, naenda kupika.

FUNDI: Huo ni uongo, Yaya.

MTUNZA MALI: Ni wa nani? Mimi nilikuja na neno la kweli, "haijulikani", ukalifukuza. Nikaleta la uongo, ukalikaribisha, kwa sababu tu lilikuwa limevaa umbo la tarehe.

Nasimama upande wa mama hapa, na nitasema kwa nini. Kanuni ya uhakiki hailioni jokofu, inaona herufi na tarakimu. Inaweza kujua kwamba 32 si siku ya mwezi wowote. Haiwezi kujua kwamba tarehe 1 Januari 2000 hakuna jokofu lililofika. Kwa hiyo kanuni inapodai jibu mahali ambapo jibu halipo, inachopata ni jibu lenye sura nzuri. Nenda kwenye orodha yoyote ya mali iliyofungwa kwa visanduku vya lazima, upange tarehe kwa wingi wake, uone ni vitu vingapi "vilinunuliwa" Siku ya Mwaka Mpya. Hasara yake haiishii kwenye orodha. Programu inahesabu umri wa chombo kutokana na tarehe hiyo, inatangaza kwamba kimechakaa, na pesa za kubadilisha vifaa zinakwenda kwenye jokofu zima huku lililokufa, ambalo karani mwingine aliliandikia tarehe ya karibuni, likiachwa.

FUNDI: Basi tufute kanuni zote? Nikuonyeshe zinachookoa. Kindu iko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta na nyuzi 26 mashariki. Kwenye kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Karani akiisahau, jengo la Kindu linarukia kaskazini, Bas-Uélé. Akibadilisha nafasi za namba mbili, linaangukia jangwani Algeria. Akiweka sifuri na sifuri, linazama Ghuba ya Guinea. Makosa haya nisiyakatae?

MTUNZA MALI: Yakatae, tena kwa nguvu. Lakini kanuni yako inasemaje?

FUNDI: Inasema mahali pawe ndani ya Kongo.

MTUNZA MALI: Kongo imelala pande zote mbili za ikweta, kuanzia nyuzi 5 kaskazini mpaka 13 kusini. Kwa hiyo lile kosa la alama ya kutoa, ambalo ndilo makarani wetu wanalolifanya kila siku, kanuni yako inalipitisha. Inamkamata wa Algeria na kumwacha wa Bas-Uélé. Ukitaka kunisaidia, andika kwamba pawe ndani ya zoni ya Tunda.

FUNDI: Hapo sina jibu. Nitairekebisha.

MTUNZA MALI: Na ukiirekebisha, usinifungie nje. Mpaka wa zoni ulio kwenye kompyuta ni mstari aliouchora mtu. Niambie "mahali hapa panaonekana nje ya Tunda, una hakika?" Nikijibu ndiyo, andika kwamba nimejibu ndiyo.

FUNDI: Tuje kwenye pikipiki. Namba ya chesisi kwa kiwango cha kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na humo hakuna I, wala O, wala Q. Ziliondolewa makusudi, watu wasizichanganye na 1 na 0. Karani akiandika O, kompyuta inajua pale pale kwamba alitaka sifuri. Hii si kanuni nzuri?

MTUNZA MALI: Ni nzuri sana. Lakini zile Yamaha za zamani zinazopanda vilima na dawa mgongoni, nyingine zina namba fupi iliyochongwa kiwandani kabla hawajaanza kuhesabu 17. Nimesimama mbele ya pikipiki, nasoma namba kwenye chuma, na wewe uliye Kindu unaniambia haipo.

Niongeze jambo ambalo wote wawili wameliruka. Katika namba hizo 17, nafasi ya tisa ina tarakimu ya kujihakiki: unakokotoa zile nyingine, na jibu lazima lilingane nayo. Ni ujanja wa zamani, wa ukoo mmoja na ule aliousajili Hans Peter Luhn wa IBM, ambaye hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1960 na ambaye hesabu yake bado inalinda namba za kadi za benki. Unakamata karibu kosa lolote la tarakimu moja. Lakini kwa magari na pikipiki, tarakimu hiyo ni sharti Amerika Kaskazini na kwingine kuchache; watengenezaji wengi wanaouza Afrika hawaifuati. Mwandishi wa programu akiichukua kanuni ya Marekani kama ilivyo, pikipiki halali kutoka India itaonekana ya kughushi. Kanuni yenyewe haina kosa mahali ilikozaliwa. Imehamishwa bila kuulizwa kama huku kuna kazi yake.

Sola nayo ina kisa kama hicho. Kwa miaka mingi jokofu la chanjo la sola lilihitaji betri, hivyo kanuni ya kudai kwamba "idadi ya betri isipungue moja" ilikuwa na akili. Kisha yakaja majokofu yanayopokea umeme wa jua moja kwa moja, yanayotunza baridi kwenye barafu na si kwenye betri. Jokofu bora kuliko yote kituoni likawa ndilo lisiloandikika.

MTUNZA MALI: Mdogo wangu, nimeyavumilia ya betri. La joto ndilo linaloninyima usingizi.

FUNDI: Lipi?

MTUNZA MALI: Chanjo za jokofu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mtu wenu mmoja aliweka kanuni kwamba kisanduku cha joto kipokee 2 hadi 8 tu. Asubuhi moja muuguzi anasoma 11. Anaandika 11, kompyuta inakataa. Anaandika tena, inakataa. Wagonjwa wamejaa barazani. Unadhani ataandika ngapi?

FUNDI: Nne.

MTUNZA MALI: Nne. Na kesho nne, na keshokutwa nne. Kindu mtasema Tunda wana jokofu la mfano. Kumbe siku ile ya 11 ndiyo mliyoihitaji kuliko siku zote za mwaka.

Sidhani kuna mfano unaobainisha jambo hili kuliko huo. Kuna namba isiyowezekana na kuna namba isiyotakiwa, na kanuni nyingi mbovu zimezaliwa kwa kuzichanganya hizo mbili. Nyuzi 400 ndani ya jokofu haziwezekani; zikataliwe. Nyuzi 11 hazitakiwi. Zipokelewe haraka, kisha king'ora kilie. Programu inayokataa habari mbaya huwafundisha watu kuleta habari njema.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mapungufu ya mashine. Si kweli. DHIS2, programu inayobeba taarifa za afya za Kongo na nchi nyingi za Afrika, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, haikuchagua upande. Anayeisimika anaweza kuweka alama kwamba fomu isikamilike mpaka kanuni zote zitimie. Anaweza pia kuweka alama nyingine: palipoachwa wazi paruhusiwe, ila mwandishi aeleze sababu. Visanduku vyote viwili vimo kwenye mipangilio. Kwa hiyo Fundi anaposema "mfumo umekataa", tumwulize kwa upole ni nani aliyeuagiza mfumo ukatae.

FUNDI: Ni mimi. Lakini unielewe, Yaya. Ukiruhusu "sijui", wote wataandika sijui. Ni rahisi kuliko kutoka nje kusoma namba nyuma ya jokofu.

MTUNZA MALI: Hilo ni la kweli, sitalibishia. Wavivu wapo, nami nawajua kwa sura. Lakini "sijui" yangu iwe na gharama. Niandike sababu. Jina langu libaki pale na tarehe. Kisha nipewe muda wa kurudi na jibu. Anayeandika sijui mara thelathini kwa mwezi utamwona. Anayeandika 01/01/2000 hutamwona kamwe.

FUNDI: Vituo vya vijijini vina uwezo huo wa kueleza, kusahihisha, kuweka kumbukumbu?

Swali hili la mwisho, nakiri, lina harufu ya Kindu kuidharau Tunda, kama vile Kinshasa inavyoidharau Kindu. Tunda imekwisha kulijibu mbele ya dunia. Mwezi wa Oktoba 2022 ulianza utafiti wa tiba ya ugonjwa wa mpox uitwao PALM007, chini ya taasisi ya INRB ya Kinshasa inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na taasisi ya NIAID ya Marekani. Vituo vilikuwa viwili: Tunda hapa Maniema, na Kole huko Sankuru. Wagonjwa 597 waliandikishwa. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: dawa ya tecovirimat haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini vifo miongoni mwa wote waliolazwa, waliopewa dawa na wasiopewa, vilikuwa asilimia 1.7, wakati kiwango kilichokuwa kikiripotiwa nchini kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Uangalizi mzuri wa hospitali ulikuwa na nguvu ambayo kidonge hakikuwa nayo. Dunia iliyapokea majibu haya, pamoja na kwamba hayakuwa yale yaliyotamaniwa, kwa kuwa iliziamini karatasi zilizotoka Tunda na Kole.

Na katika tafiti za namna ile, data huhakikiwaje? Kwa maswali. Namba ya ajabu haifutwi wala haifungiwi mlango: inapelekewa swali, na aliyeiandika hujibu. Kanuni za kimataifa za utafiti wa tiba zinataka kila sahihisho liwe na tarehe na jina la aliyelifanya, na kile kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka. Ikiwa utaratibu huo umefaa kwa kupima dawa ya binadamu katika hospitali ya Tunda, haiwezekani usifae kwa kuhesabu vitanda.

Sasa tufike kwenye kiwanja, ambako mambo ni mazito zaidi. Hapa Mzee, mmoja wa wale ambao jamaa zao walitoa ardhi ili kituo cha afya kijengwe kijijini, amewakuta wawili hawa wakiendelea kubishana.

MZEE: Wanangu, nasikia kompyuta inauliza namba ya cheti cha ardhi ya kituo. Sisi tuliitoa mbele ya watu. Tuliwaonyesha mpaka, ule mti na kile kijito. Namba hatukutoa.

FUNDI: Papa, sheria ndiyo inayodai. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema ardhi ni mali ya Dola. Kifungu cha 219 kinasema haki juu ya ardhi inathibitishwa kwa cheti cha usajili tu, kinachotolewa na Dola. Bila cheti, kwa macho ya sheria hamna kitu. Nifanye nini zaidi ya kuweka kisanduku kiwe cha lazima?

MZEE: Na sheria hiyo inasema nini juu ya ardhi za vijiji?

FUNDI: Vifungu vya 387 hadi 389 vinasema ardhi zinazokaliwa na jamii zimekuwa za Dola, na haki za wakazi zitapangwa kwa amri ya Rais.

MZEE: Amri hiyo tumeingoja tangu nina nywele nyeusi.

Miongo ilipita kweli bila amri hiyo kutolewa. Vijijini, mahali pengi, ardhi imeendelea kugawiwa na machifu kama zamani, huku sheria ikitambua karatasi ambayo watu wengi hawajawahi kuishika. Sasa weka programu ya mali juu ya hali hiyo, uifunge kwa kisanduku cha lazima. Karani atachukua namba ya barua ya chifu, au namba ya muhtasari wa kikao, au atajitungia, na kituo kitaonekana kina cheti. Jimboni wataona vituo vyote viko salama. Siku atakapokuja mtu mwenye cheti halisi juu ya kiwanja kile kile, atakuta upande wa pili namba isiyo na kitu nyuma yake. Na cheti ni kizito: kwa kifungu cha 227, miaka miwili ikipita tangu kitolewe, kukipinga kunakuwa karibu haiwezekani. Kisanduku kitupu kingeonyesha mapema ni vituo vipi vinahitaji kupimwa na kusajiliwa. Kisanduku kilichojazwa kwa nguvu kimeificha hatari ile ile ambayo orodha iliundwa kuionyesha.

Kongo si ngeni kwa balaa la kisanduku kitupu kinachojijaza chenyewe. Tarehe 1 Julai 1885, Francis de Winton, msimamizi mkuu wa Dola Huru ya mfalme Léopold wa Ubelgiji, alitoa agizo kwamba ardhi zilizo wazi zihesabiwe kuwa za Dola. Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwinda, mapori ya kuokota uyoga na kuni, yote yakasomeka "wazi" kwa mtu aliyekuwa akitafuta nyumba na mahindi tu. Palipokosekana maandishi, jibu lilikwisha kujazwa kabla mtu hajaulizwa: Dola. Kwa hiyo ninapoona programu ya leo yenye orodha ya kuchagua mmiliki, na neno la kwanza, linalojiweka lenyewe usipogusa kitu, ni "Dola", siliiti jambo la urembo wa fomu. Jibu linalojijaza lenyewe ni hatari kuliko kanuni kali, kwa sababu kanuni kali angalau humfanya mtu akasirike.

MZEE: Basi kompyuta iulize: nani aliitoa, mbele ya nani, mpaka ni upi. Hayo tunayajua.

FUNDI: Papa, hayo yanaandikika. Nitaweka aina ya haki: cheti, barua ya chifu, makubaliano ya mdomo, mgogoro, haijulikani. Namba ya cheti itakuwa ya lazima kwa aliyechagua cheti peke yake.

Hiyo ni kanuni kali kuliko ile ya mwanzo, wala msidhani amelegeza. Anayedai ana cheti anabanwa hasa; asiye nacho halazimishwi kukibuni.

Mengine niyapite haraka. Kuhusu bei, msaada hauna ankara, lakini kanuni za hesabu za OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya Afrika ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, zinataka kitu kilichopatikana bure kiingizwe kwa thamani yake ya wakati huo. Kisanduku kingine kando ya bei kiseme ni bei au ni makadirio, na nani amekadiria. Kuhusu namba isijirudie, tableti iliyo porini bila mtandao inajua vitu vyake yenyewe tu, kwa hiyo sharti hilo likaguliwe Kindu data zikifika, na vinavyofanana virudishwe kama swali kwa zoni zote mbili. Jokofu huhama. Pengine Tunda wameliandika lilipokuwa kwao na Kibombo lilipofika kwao, na wote wawili ni wakweli.

FUNDI: Yaya, kwa hiyo nibakize ngapi za kukataa?

MTUNZA MALI: Bakiza zile ambazo wewe ukiwa Kindu unajua kuliko mimi niliyesimama mbele ya kitu. Siku ya 32 ya mwezi. Nyuzi 400. Idadi iliyo chini ya sifuri. Nyingine zote, niulize nikujibu.

Ni chache mno, na nadhani amepatia. Ombi langu kwa ofisi za jimbo, na kwa wafadhili wanaozilipia programu hizi, ni moja. Programu ihifadhi kila mara kanuni ilipomkatalia mtu, na kila mwezi orodha ya kanuni, ikiwa na jina la aliyeiweka kila moja, tarehe yake na idadi ya mara ilizokataa, itumwe Tunda, Kibombo, Kasongo na Punia. Kanuni iliyokataa mara nyingi kuliko zote ichunguzwe kwanza, kabla ya karani aliyekataliwa.